Fundi wa Padi Ajibu: Mbona Mchezaji Wangu Anatembea Mwenyewe?

Mwezi huu barua karibu zote zimehusu padi za gemu, vile vifaa vya kushika mkononi vya kuchezea gemu za video, vyenye vitufe na vijiti tunavyoviita stiki. Nimefurahi, maana hiyo ndiyo kazi yangu kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhana ya magharibi. Nimechagua tano. Wengine msikate tamaa, pitieni kibandani tuzungumze kifaa kikiwa mezani.

Fundi, asalaam aleikum. Padi yangu ya PlayStation 4 (PS4) niliinunua mwaka jana. Nikicheza mpira, mchezaji anakwenda kushoto mwenyewe hata nikiachilia stiki. Rafiki yangu aliipulizia manukato ndani, ikapona siku mbili, kisha ikarudia, tena kwa ubaya zaidi. Ni virusi au ni nini? (Kijana wa Kongowea)

Waaleikum salaam, mwanangu. Si virusi, na padi yako haijafa.

Marehemu baba alikuwa fundi wa redio Mji wa Kale. Nikitoka chuoni nilikuwa nakaa kwenye kigoda kando ya meza yake, na lalamiko nililolisikia kuliko yote lilikuwa hili: "Redio yangu nikiongeza sauti inakwaruza." Baba alikuwa akikitoa kile kitasa cha sauti, anakifungua kwa ncha ya kisu, anachovya unyoya wa kuku kwenye spiriti na kuupitisha ndani, halafu anakizungusha mbele na nyuma mara ishirini huku akihesabu kwa sauti. Ndani mlikuwa na utepe mweusi wa kaboni uliopinda kama ukwato wa farasi, na juu yake ulimi mdogo wa chuma. Ulimi ukisogea juu ya kaboni, umeme hupita njia ndefu au fupi, na sauti hushuka au hupanda. Vitabuni kitu hicho huitwa potenshiometa. Sisi mezani tunakiita volyumu, basi.

Sasa fungua padi yako. Chini ya kila stiki utakuta volyumu mbili, kila moja ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Moja inapima kushoto na kulia, ya pili inapima juu na chini. Padi husoma volti inayotoka hapo na kuigeuza iwe namba, kuanzia 0 hadi 255, na katikati ni 127 au 128. Ukiachilia, springi huirudisha stiki wima, na namba inatakiwa irudi katikati pamoja nayo. Lakini ule ulimi umeshailamba kaboni siku baada ya siku, na sehemu inayolambwa zaidi ni hapo hapo katikati. Kaboni inaliwa, unga mweusi unajikusanya, springi nazo zinalegea. Mwezi uliopita niliunganisha padi ya namna hii kwenye kompyuta. Stiki imesimama wima, sijaigusa, namba inasema 112. Mashine haina macho. Ikisoma 112 inaamini wewe umesukuma kushoto, na mchezaji wako anatii.

Wanaotunga gemu wanalijua jambo hili tangu zamani, ndiyo maana kuna duara dogo la katikati ambalo programu hulipuuza makusudi. Mimi naliita eneo la kimya. Gemu nyingi zina sehemu ya kuliongeza kwenye mipangilio. Anza na hilo, halina gharama.

Manukato acha kabisa. Yana mafuta ndani yake, na mafuta yakikauka hushika vumbi. Ndiyo sababu ulipata nafuu siku mbili halafu ukajuta. Dawa yake ni spiriti ya isopropili, ile ya asilimia 90 na zaidi, tone moja tu, kisha uzungushe stiki kama baba alivyokuwa akizungusha kile kitasa. Nasi tunaoishi Mombasa tuna maadui wawili ambao kitabu cha maelezo hakiwataji: hewa ya chumvi na mabuyu. Juzi nilifungua padi iliyokuwa na kitufe cha duara kisichorudi juu. Nilitoa skrubu nne za nyuma, nikainua ganda, na chini ya raba nikakuta utando mwekundu wa sukari, umeganda kama gundi, na mbegu moja ya ubuyu imejibana pembeni. Mwenyewe alikuwa amekwisha kubadilisha padi mbili akidhani zote zilikuwa mbovu tangu dukani.

Ukisafisha na ugonjwa ukarudi, kaboni imekwisha. Hapo ni kubadilisha stiki nzima. Nami naomba unisikilize kidogo, maana jambo hili linaniuma.

Hii volyumu imo kwenye gemu karibu tangu mwanzo wake. Mwaka 1958, kwenye maabara ya Brookhaven huko Marekani, mwanafizikia William Higinbotham alitengeneza tenisi iliyochezwa kwenye kioo cha oskiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, na kila mchezaji alishika kijisanduku chenye kitasa cha kuzungusha na kitufe cha kupiga. Mwaka 1972 ikatoka Odyssey, mashine ya kwanza ya gemu ya nyumbani, iliyotokana na kazi ya Ralph Baer, nayo ilikuwa na vitasa. Mwaka huohuo kampuni ya Atari ikaleta mchezo wa Pong, vitasa tena. Baadaye Atari ikauza vitasa vya nyumbani, na vikishapata vumbi, kile kigongo cha kupigia mpira kwenye skrini kilikuwa kinatetemeka. Ni ugonjwa uleule wa redio aliokuwa akiutibu baba kwa unyoya wa kuku.

Wapo waliotafuta njia ya kukwepa mkwaruzo huu. Padi ya mashine ya Nintendo 64, mwaka 1996, ilitumia mwanga: stiki iligeuza vigurudumu viwili vyenye matundu, na mwanga uliopita kwenye matundu ndio uliohesabiwa. Hakuna kaboni hapo. Bahati mbaya plastiki iliyokuwa chini ya stiki ilijisaga yenyewe ikawa unga mweupe, na stiki ikalegea kama jino la mtoto. Watu wa kampuni ya Sega ndio waliofika mbali zaidi. Kwenye padi ya mashine yao ya Saturn ya mwaka 1996, ile yenye stiki, kisha kwenye Dreamcast ya mwaka 1998, waliweka sumaku. Sumaku inasogea na stiki, na chini yake kuna kihisio kinachopima nguvu yake bila kuigusa. Kanuni hii aliigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879, ndiyo maana ukienda kununua stiki za aina hii utasikia zikiitwa stiki za Hall. Kitu kisichoguswa hakiliwi na mkwaruzo.

Basi dawa ilikuwapo mwaka 1998, iko kiwandani, inauzwa. Halafu padi nyingi za kampuni kubwa zikarudi kwenye kaboni kwa sababu ni rahisi na imezoeleka. Imepita zaidi ya miaka ishirini, na watoto wetu wanatupa padi nzima kwa sababu ya kipande kidogo kama ukucha. Siku hizi kampuni ndogo zimeanza kuuza stiki za sumaku za kulehemu kwenye padi za kawaida, nami ndizo ninazozipendekeza. Padi ya PS4 ina miguu 14 ya kulehemu kwa kila stiki. Usimpe kazi hii mtu ambaye hana subira, kwa sababu akipitisha moto sana anang'oa njia ya shaba kwenye bodi, na hapo hata mimi nitapata taabu. Baada ya kulehemu, stiki lazima iunganishwe na kompyuta ifundishwe upya katikati ni wapi. Fundi akikurudishia padi bila hatua hiyo, mrudishie.

Shikamoo fundi. Kwa nini padi ya PlayStation ina pembetatu, duara, msalaba na mraba, na si herufi? Kaka yangu anasema ni mapambo tu. (Mwanafunzi wa kike, Tudor)

Marahaba, mwanangu. Si mapambo, mwambie kaka yako. Aliyezichora ni Teiyu Goto wa Sony, kwa ajili ya PlayStation ya kwanza ya mwaka 1994, na kila alama aliipa maana. Pembetatu ni upande unaotazama. Mraba ni karatasi, yaani orodha na maelezo. Duara ni ndiyo, msalaba ni hapana. Kwa Wajapani mwalimu akiweka duara kwenye daftari umepata, na ule mkasi mwekundu maana yake ni ileile unayoijua wewe.

Ajabu ni kwamba nje ya Japani gemu nyingi ziligeuza, msalaba ukawa wa kukubali na duara la kurudi nyuma. Hali hiyo iliendelea hadi PS5 ilipotoka mwaka 2020, ndipo Japani nayo ikafuata msalaba wa kukubali. Wajapani waliozoea duara kwa zaidi ya miaka ishirini walilazimika kukifundisha kidole gumba upya.

Bwana fundi, mimi ni mstaafu wa bandarini. Mjukuu wangu ana mashine mbili, ya zamani yenye ule msalaba wa kubonyeza, wa kumwelekeza mchezaji pande nne, na mpya yenye stiki. Vidole vyangu vimekaza, stiki zinanishinda, lakini msalaba nauweza vizuri. Nani aliuvumbua, na kwa nini mkono wangu unaupenda? (Babu wa Mikindani)

Shikamoo, mzee wangu. Swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote, maana mwenye msalaba huo alikuwa fundi kama sisi.

Anaitwa Gunpei Yokoi. Alipoajiriwa Nintendo mwaka 1965 kampuni ilikuwa ikitengeneza karata, na kazi yake ilikuwa kutunza mitambo inayozichapa. Baadaye akawa mbunifu wa michezo. Mwaka 1982 walikuwa wanatengeneza Donkey Kong ya mfukoni, yenye skrini mbili na inayokunjwa kama kitabu. Mchezo ule ulitaka kwenda pande nne, kupanda ngazi na kukimbia. Kwenye mashine kubwa za kuchezea kulikuwa na mti wa kushika, lakini ukiweka mti kwenye kitu cha kukunja, hakikunjiki na mfukoni hakiingii. Vitufe vinne vilivyoachana navyo vina taabu yake: kidole kikiinuka kwenda kutafuta kingine, jicho linatoka kwenye mchezo.

Yokoi akaunganisha vitufe vinne viwe kipande kimoja chenye umbo la msalaba, na chini yake katikati akaweka kinundu. Msalaba unakaa juu ya kinundu hicho kama pembea ya watoto, ile ya ubao uliolazwa juu ya gogo. Ukibonyeza kulia, kushoto kunainuka. Kwa hiyo huwezi kamwe kubonyeza kulia na kushoto kwa pamoja, na mashine haichanganyikiwi. Chini yake kuna raba yenye vidonge vya kaboni; raba ikilala, kidonge kinagusa shaba, umeme unapita, raba inainuka tena. Kidole gumba nacho kinakaa palepale katikati, kinahisi mabega manne ya msalaba, na kinajua kilipo bila jicho kuuliza.

Ndiyo sababu mkono wako unaupenda, mzee. Stiki inataka kidole kipime kiasi: sukuma kidogo, sukuma zaidi, shikilia hapohapo. Kidole kilichokaza hakipimi vizuri. Msalaba unataka jibu moja, ndiyo au hapana, na safari yake ni fupi mno. Mwambie mjukuu akuache nao. Padi nyingi za leo bado zinao, na zipo gemu zitakazokuruhusu kuutumia kutembea badala ya stiki. Kwenye padi za PlayStation utaona vibonye vinne vimeachana, lakini ukifungua ganda, chini yake ni kipande kimoja kinachoyumba vilevile. Siku ukipita mjini karibu, nitakufungulia moja uione.

Yokoi alikuwa na msimamo wa kuchukua kitu kilichozoeleka na kilichoshuka bei, akakipa kazi ambayo hakuna aliyeifikiria. Raba, kinundu na plastiki, vyote vilikuwapo dukani. Alifariki mwaka 1997.

Fundi, nina ukumbi wa gemu Kisauni, mashine sita. Ninunue padi zisizo na waya au za waya? (Mfanyabiashara)

Za waya, kaka. Kwa nyumbani isiyo na waya ni raha, na tangu Nintendo walipotoa WaveBird ya masafa ya redio mwaka 2002 hakuna haja ya kuzielekeza kwenye mashine kama rimoti. Lakini ukumbini utakuwa na padi kumi na mbili za kuchaji, betri zinazochoka kila mwaka, na vijana wanaogombana kwa sababu padi imezimika goli likifungwa. Hata hizo za PS4 zichomeke waya, na padi za toleo la pili uingie kwenye mipangilio uchague ziwasiliane kwa waya, la sivyo waya unachaji tu. Funga waya kwa kibano kwenye mguu wa meza, usivutwe hadi kwenye tundu. Matundu yaliyolegea ndiyo yanayojaza meza yangu kila Jumatatu. Na krips za muhogo wale nje.

Fundi, mwanangu wa kiume ana miaka 11. Mkono wake wa kushoto umeishia chini kidogo ya kiwiko, amezaliwa hivyo. Mjomba wake amemletea kompyuta, na binamu zake wakija wanacheza mpira, yeye anakaa pembeni anahesabu magoli. Juzi aliniuliza kama kuna padi ya watu kama yeye. Sikuwa na jibu. (Mama wa Likoni)

Mamangu, ipo. Mwambie leo hii kabla hajalala, ipo.

Mwaka 2018 Microsoft ilitoa padi inayoitwa Xbox Adaptive Controller. Ni kama ubao mdogo mweupe, una vitufe viwili vikubwa vya duara, vipana vya kutosha kubonyezwa kwa kiganja, kiwiko, goti au kidevu. Nyuma yake kuna safu ya matundu 19 ya milimita 3.5, yale yale ya spika za masikio kwenye simu za zamani. Kila tundu linasimama badala ya kitufe kimoja. Unachomeka kitufe cha nje, unakiweka mahali ambapo mwili wa mtoto unafika, na mashine inaamini amebonyeza padi ya kawaida. Waliitengeneza pamoja na mashirika yanayowasaidia wachezaji wenye ulemavu, kama SpecialEffect la Uingereza na AbleGamers la Marekani. Inafanya kazi kwenye Xbox na kwenye kompyuta ya Windows, kwa hiyo ya mjomba ikiwa na Windows itafaa. Sony nao walitoa ya kwao, Access, mwezi Desemba 2023, lakini hiyo ni ya PS5.

Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 99.99, na vitufe vya nje vinauzwa peke yake. Najua hilo si jambo dogo, kabla hata ya usafiri na ushuru. Kwa hiyo sikushauri ukope. Yale matundu 19 yamenifundisha jambo: kitufe cha nje ni waya mbili tu zinazogusana. Swichi ya kengele ya mlango ni kitufe cha nje. Naweza kuchukua padi ya kompyuta ya bei ya chini, nikaifungua, nikakwangua kaboni iliyo chini ya kitufe hadi shaba ing'ae, nikalehemu waya mbili na kuzitoa nje hadi kwenye swichi ya kengele. Padi haitajua tofauti. Nimeshafanya hivyo mara moja kwa kijana aliyeumia bega, swichi tukaiweka chini ya mguu wake wa kulia, na jioni ile alicheza mechi tatu.

Kwa mwanao nafikiria hivi. Padi isishikwe, ilazwe. Nitaifunga juu ya kibao, na chini ya kibao nitagundisha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kisiteleze mezani. Mkono wa kulia utafanya kazi zake za kawaida, vitufe vinne na stiki ya kulia. Stiki ya kushoto, ile ya kutembea, tutairefusha na kuivisha kikombe kidogo chenye sponji ndani, ncha ya mkono wake iingie humo na isukume. Kutembea kwa mkono, kwa misuli ya bega, kuna nguvu na kipimo kizuri. Huenda akawashinda binamu zake kwa kukimbia. Vitufe viwili vya juu vya kushoto tutavihamishia kwenye swichi za kengele, miguuni. Gemu nyingine zina njia ya kubadilisha kazi za vitufe kwenye mipangilio, hivyo tunaweza kupunguza swichi zikabaki moja.

Haya ni mawazo yangu kabla sijamwona, na yeye ndiye anayeujua mkono wake. Mlete Jumamosi baada ya adhuhuri, kivuko kinapokuwa na nafasi. Aje na ile kompyuta na gemu anayoitaka. Kabla ya hapo nipimie vitu viwili kwa rula ya shule: urefu kutoka kiwiko cha kushoto hadi ncha ya mkono, na urefu kutoka kiti anachokalia hadi juu ya meza ya nyumbani. Mpime akiwa amekaa anavyokaa siku zote, si wima kama kwenye picha ya pasipoti. Nitumie namba hizo mapema, kibao nimwachie seremala akichonge Ijumaa.